Mwili Mzima Wanapima wa Nini?

Monjia binti Salah alikuwa mchuma zeituni tangu hajavunja ungo. Msimu ulipofika alivaa pembe za mbuzi vidoleni, kama wanawake wenzake wa viungani mwa mji wa Sfax, akachana matawi zeituni zidondoke, huku macho yake yakiwa kwingine: nani kapanda ngazi mbovu, nani kameza neno. Shule hakukaa sana. Mengi aliyoyajua aliyasoma kwenye nyuso za watu. Mumewe alipokufa alibaki na watoto wawili, Lasaad na Besma, na mazoea ya kuamka usiku kuwasikiliza wakipumua. Watoto wakakua, Lasaad akaoa, mazoea hayakumtoka.

Ndiyo maana aliliona tumbo la Besma kabla ya mwenyewe kuliona. Binti anakula vijiko viwili vya kuskusi anasema ameshiba. Sketi inabana, uso unasinyaa. Besma, fundi wa magauni ya harusi, alisema ni umri tu, na mikate ya mama yake. Monjia alimwandama mpaka akaenda hospitali.

Majibu yalipotoka, daktari alimwita Lasaad kando, kama ilivyo desturi. Habari ya namna ile haipewi mgonjwa. Hupewa mwanamume wa nyumba, naye humgawia anayeweza kuibeba. Lasaad alimgawia mama yake ndani ya gari, mbele ya hospitali. Ilikuwa saratani ya ovari, ila hata yeye hakuitaja. Alisema "ule ugonjwa," na Monjia akaelewa. Kisha akamwapisha. Besma ataambiwa ni uvimbe wa maji kwenye ovari, maana akijua atakata tamaa, na mwenye kukata tamaa huenda kabla ya siku yake. Monjia alikubali. Hata mama yake mzazi alizikwa bila kuambiwa kilichomuua.

Likabaki swali moja: je, Besma anaweza kupasuliwa? Daktari wa upasuaji, mwanamke aitwaye Wided, alimweleza Lasaad kwamba ugonjwa huu hutapakaa kama chembe za semolina, ule unga wa kuskusi, juu ya utando wa tumbo, na zikishika shina la utumbo, kisu hakiwezi kuzifuata. Picha za mwanzo hazikuonyesha vya kutosha. Alitaka kipimo cha MRI cha mwili mzima, kutoka kichwani hadi mapajani. Bila hicho hatamfungua mtu tumbo kwa kubahatisha.

Siku ya kipimo Lasaad alibanwa na kazi bandarini, Monjia akaenda na binti yake. Alimnong'oneza Faiza, mhudumu wa mashine, asitaje jina la ugonjwa. Faiza aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kuombwa hivyo mara nyingi. Besma alivua bangili, hereni na kidani chake cha samaki wa fedha cha kuzuia kijicho, akavimimina viganjani mwa mama yake.

"Mnanitia tanurini kama mkate wa shayiri," alisema. "Mama, angalia nisije nikaungua upande mmoja."

Monjia akamwambia aende akalale aache maneno yake.

Mashine ilianza kugonga. Kutoka kwenye benchi Monjia alimsikia Faiza kwenye kipaza sauti: vuta pumzi, ishikilie, iachie, sasa tunapanda kifuani. Kugonga kukakatika. Besma alikuwa amebinya mpira aliopewa mkononi wa kumwita mhudumu, na punde akatokea peku, gauni la hospitali limemkaa upande.

"Mama, si mlisema uvimbe uko kwenye ovari? Kifuani wanatafuta nini?"

Monjia alijibu kwamba ndivyo zilivyo mashine za siku hizi, zinapima kila kitu.

"Mimi fundi, Mama. Mtu akibanwa kiuno, napima kiuno. Anayepimwa mwili mzima bila kuulizwa ni wa kushonewa sanda." Akakaa kwenye benchi. "Sirudi mle mpaka uniambie naumwa nini."

Faiza alisimama mlangoni akisema, kwa upole, kwamba kuna mgonjwa mwingine anangoja, na nafasi hii ikipotea, nyingine haitapatikana karibuni. Monjia alimfikiria Lasaad na kile kiapo. Akamtazama mwanawe usoni, akaona kwamba hofu yote waliyokuwa wakimkinga nayo ilikwisha kumfika.

"Ni saratani," alisema. "Imeanzia kwenye ovari. Wanatafuta imefika wapi, daktari ajue kama anaweza kuitoa."

Besma aliliweka sawa gauni begani.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na Idi yote mkanilisha samaki na kunichekea."

"Ndiyo."

"Wanafiki wawili, wewe na Lasaad," alisema taratibu. Alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akamuuliza Faiza ni picha zipi za muhimu zaidi. Faiza akamwambia ni za tumbo, na kwamba asipoishikilia pumzi vizuri zitachafuka. Besma akarudi ndani. Kila Faiza aliposema ishikilie, Monjia naye kwenye benchi aliishikilia yake.

Siku ya majibu Lasaad alikuja na hasira, akamlaumu mama yake njia nzima kwa kuvunja kiapo. Daktari Wided alipofungua mlango, Lasaad ndiye aliyeinuka kwenda kuyapokea majibu.

"Kaa, kaka," Besma alimwambia. "Anayeumwa ni mimi."

Daktari aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamwelekezea Besma kiti cha mbele. Alimwambia kifua ni safi. Tumboni chembe ni nyingi, na baadhi zimeshika shina la utumbo, kwa hiyo kwa sasa hawezi kupasua. Wataanza dawa za dripu, halafu mwili wote upimwe tena vilevile. Chembe zikisinyaa, atapasua.

"Na zisiposinyaa?"

Monjia alitamani kumziba binti yake mdomo.

"Nitakuambia wewe mwenyewe," daktari alisema, "hapahapa."

Besma akauliza dripu zinaanza lini, na kama mikono itamfa ganzi, kwa sababu ana gauni la mtu halijakwisha. Lasaad aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Monjia hakumfuata. Alivuta kiti karibu na binti yake, akayasikiliza maelezo yote ya daktari mpaka mwisho.