Bustani ya Baba na Ujumbe wa Bibi

Samadi ya mbuzi ndiyo harufu ya likizo yangu ya darasa la tano. Baba, mwalimu wa hisabati, aliona kwenye kalenda bustani yenye njia katikati na matuta yanayolingana pande zote, akaapa kuwa nyumba yetu ya Mafiga itakuwa nayo kabla ya sherehe ya kipaimara changu. Aliichora kwenye karatasi ya grafu. Mimi nikapewa kushika kamba. "Vuta, Tekla! Umelegeza tena!" Kila tulipomaliza mstari aliupima upya, akaona umepinda upana wa kidole, tukaung'oa. Niliichukia kamba ile kwa moyo wote.

Kisha akaja bibi, mama yake mama, mkulima wa milimani huko Mkuyuni. Aliitazama njia iliyoteremka kutoka getini moja kwa moja hadi mlangoni, akaguna. Lakini kwetu mama mkwe habishani na mkwewe ana kwa ana, kwa hiyo akakaa jikoni nyuma ya nyumba na kunituma mimi. "Mwambie baba yako maua hayaliwi, apande matembele." Nikakimbia getini kwa baba. "Mwambie bibi yako hii ni ya kutazamwa." Nikarudi. Nilikwenda hivyo mpaka miguu ikaniwaka, watu wazima wawili wameshindwa kuzungumza! Safari ya mwisho bibi alisema, "Mwambie akinge mteremko kwa matuta, la sivyo maji yataingia ndani." Nilikuwa nimechoka kugombezwa. Nikamwambia baba, "Bibi anasema imependeza." Akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Kwa bibi nikasema, "Amesikia."

Siku ya kipaimara mvua ikashuka. Maji yakafuata njia ile iliyonyooka, yakaingia sebuleni na samadi yote, chini ya viti vya wageni. Baba aliamini bibi alimsifia makusudi ili aaibike. Bibi aliamini amedharauliwa, na hakulala tena kwetu mpaka alipofariki.

Sasa nina uwanja wangu, na matuta yangu yote yamekinga mteremko. Jumamosi iliyopita baba, mstaafu, alikuja kunishikia kamba nikipima tuta jipya. Akayaangalia, akatikisa kichwa. "Bibi yako angeniambia tu," akasema, kama asemavyo kila mwaka. Mtu mzima mimi, nina watoto, na ujumbe mmoja umenishinda kufikisha. Nilifungua mdomo.

"Vuta, baba," nikasema. "Umelegeza."