Koko Mgongoni

Kwenye steji ya bodaboda iliyo mbele ya duka ninaloshonea nguo hapa Mbarara, madereva wakikosa abiria hucheza ludo. Dadu hugonga ndani ya kikombe cha plastiki, kisha hutua juu ya kioo cha ubao, na mimi nikiwa nimeinamia cherehani hujikuta nimesimamisha mguu. Mlio ule hunirudisha Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye mkeka wa Deo, nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi.

Tulikuwa wawili tu, mama na mimi, tumetoka Kivu Kusini. Mama aliondoka alfajiri kwenda kulima mashamba ya watu na kurudi jua likizama. Shuleni waliniweka darasa la kwanza, kwa sababu Kifaransa changu hakikumfaa mtu na Kiingereza sikukijua, na magoti yangu yaligonga dawati. Wadogo waliniita mama kwa mzaha. Wakubwa hawakuniita kitu. Nilinyamaza kutwa nzima, hata jioni nilipofungua mdomo kumwambia mama, “Karibu,” sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

Deo alikuwa kijana wa Kirundi aliyechaji simu za watu kwa sola. Kazi yake ilikuwa kusubiri, na kwa kuwa alikuwa na muda mwingi, alitufundisha sisi watoto mchezo ambao mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha Kiingereza alimwachia alipoondoka. Ulikuwa ndani ya boksi lililonuka unyevu: dadu zenye pande nyingi, na kitabu kinene cha kanuni. Deo alisimulia, nasi tukawa watu wa ndani ya hadithi. Yeye alisema, “Mbele yenu kuna pango,” sisi tukasema tunafanya nini, na dadu ikaamua kama tumeweza.

Kanuni nyingi hatukuzifuata. Kitabu kilitaka kila mtu ahesabu chakula chake cha safari, na Jado, jirani yangu aliyecheza nami, akasema yeye ameshapanga foleni ya mahindi asubuhi, hawezi kupanga nyingine pangoni. Basi wapiganaji wetu walivuka majangwa bila kula. Kanuni ya lugha nayo ikaachwa, kwa hiyo majitu na wafalme wote walisema Kiswahili, tena cha kwetu. Kanuni ya mzigo, ile inayosema mtu ana kiasi chake cha kubeba na hawezi kuzidisha, Deo aliisoma mara moja tu.

“Hiyo tuiruke,” alisema. “Ni mahesabu matupu.”

Kisha akatuuliza kila mmoja anabeba nini. Jado alitaja mkuki, mahema, sufuria na ng’ombe. Ikafika zamu yangu.

“Upanga, kamba, na koko.”

“Koko wa nani?” Jado akauliza. Koko kwetu ni bibi.

“Wangu.”

Deo alijikuna kidevu. “Anakaa fasi gani?”

“Kwa mugongo.”

“Bon,” akasema. “Koko iko kwa mugongo.”

Hakuniuliza zaidi. Tangu siku hiyo koko alikwenda nami kila mahali. Aliyatemea majitu mate, alilalamikia moshi wa mienge, aliomba tumbaku yake ya kunusa katikati ya vita, nami nilimsemea kwa sauti yake mpaka Jado akagaagaa kwa kicheko. Zile ndizo saa pekee za siku nilizosikika.

Koko wa kweli hakufika Nakivale. Asubuhi tuliyokimbia miguu yake ilikuwa imeisha nguvu, na mama alimfunga mgongoni kwa kitenge. Mimi nilitembea kando, nimeshika nguo ya mama. Baada ya hapo sikumbuki kitu, hadi nilipozinduka ndani ya lori, kichwa changu mapajani mwa mama. Niliuliza koko yuko wapi. “Koko alibakia,” mama akasema, na hakusema tena. Nilijijibu mwenyewe kwamba mama alichoka, akamtua.

Likizo moja akaja Ambrose, mtoto wa mwenye duka la pale kambini, Mnyankore, mwenyeji wa huko, aliyesoma Mbarara. Alikisoma kitabu chote, maana Kiingereza kilikuwa chake. Hakuwa na ubaya. Alipenda tu mambo yaende sawa. Siku moja mchezoni tulifika kwenye mto uliofurika, na mpiganaji wa Jado alikuwa amevunjika mguu. Nikasema nitambeba.

“Hapana,” Ambrose akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. “Kitabu nasema mtu nabeba mpaka hapa tu. Wewe iko na mzee kwa mgongo. Mgongo ni moja.”

“Hiyo hatufuatagi,” Deo akasema.

“Basi si mchezo. Kila mtu nafanya tu vile nataka.” Akanigeukia kwa upole. “Sasa utabeba nani?”

Nilimtazama Jado. Nilitegemea acheke, lakini alikuwa ananiangalia kama mtu ambaye maji yamemfika shingoni. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa kwangu haukuwa hata wa kweli, na bado sikuweza kuuinua wala kuutua. Nilisimama nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa amerudi, anaosha miguu kwa maji ya kidumu. “Njo nini?” akaniuliza, yaani kuna nini. Nikasema hakuna. Nilikaa karibu yake nikitazama udongo ukitoka kati ya vidole vyake, na swali la kwa nini alimtua koko likakataa kutoka.

Kesho yake Deo alikuja mlangoni. “Nimewaambia wale, koko wako anabebwa,” alisema. Sikurudi. Muda si mrefu akapata safari ya kuhamia nchi ya mbali, na mkeka ule ukakunjwa.

Mwaka jana mwanangu alishikwa na homa, mama akiwa amekuja kunitembelea. Nilimfunga mtoto mgongoni nikampeleka zahanati, mama akitufuata nyuma. Tuliporudi, nikiwa nafungua kitenge, mama akasema, “Weye pia ulikuwa unawaka vile.”

“Lini?”

“Siku ya kukimbia. Ulianguka mu njia, haukuamuka. Koko akaniona nasimama tu. Njo akajifungula kitenge ye mwenyewe, akashuka, akakaa chini ya muti. Akaniambia, ‘Fasi ni ya mutu moja. Funga mutoto.’ Nilikataa. Akanigeuzia mugongo mpaka nikakufunga.”

Nilikuwa bado nimeshika kitenge. Miaka yote ile nilimbeba koko mapangoni ili kumwonyesha mama namna ya kubeba, na sikujua kwamba mtoto aliyechukua nafasi yake mgongoni nilikuwa mimi.

“Mbona haukuniambia?” nikamuuliza.

Alimpokea mwanangu, akamlaza, akampapasa paji la uso kuona kama homa imeshuka.

“Ulikuwa mutoto,” akasema. “Ile ungeibebea fasi gani?”