Mzee Aliyechana Maisha Yake

Kabla sijafika kwa yule mzee nilikuwa nimepita kazi nyingi: kuegesha magari ya wageni hotelini, kufua mashuka, kuendesha teksi. Hakuna nilikomaliza mwaka. Shule yenyewe niliiacha kidato cha pili, lakini gazeti lililosahauliwa kwenye kiti cha teksi nililisoma lote, hadi matangazo ya vifo. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kumtunza mzee mmoja ghorofa ya tisa, huku Alexandria, Marekani, nikakuta ukuta mzima umejaa vitabu, nilijua hapa nitakaa.

Mzee alikuwa mtu wa Afrika Kusini. Aliikimbia serikali ya makaburu akiwa kijana, akaishi Morogoro na wenzake wa harakati, akaoa muuguzi wa Kitanzania, baadaye akaja Marekani kufundisha historia chuo kikuu. Huku nako aliandamana mpaka akatiwa pingu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Marahaba," aliniambia siku ya kwanza.

"Sijasema kitu, Mzee."

"Najua. Mtu akingoja shikamoo ya Mkenya atazeeka mara ya pili."

Alikuwa ameandika vitabu vitatu kuhusu migodi na vibarua wake. Kuhusu yeye mwenyewe, hakuandika hata ukurasa mmoja. Binti yake, mfanyakazi wa ofisi za kaunti kule Upper Marlboro, alimwomba kitu kimoja tu: amwandikie habari za mama yake, aliyefariki binti akiwa na miaka mitatu. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, na mzee alikuwa ameanza kusahau. Kuna siku aliniuliza mara mbili kama ameshakunywa chai, na kikombe anacho mkononi.

Kila asubuhi aliketi mezani akaandika. Kila adhuhuri folda ya kuwekea kurasa hizo ilikuwa tupu. Nilidhani maneno yanamgomea, mpaka sinki la jikoni lilipoziba. Niliingiza mkono nikatoa uji wa karatasi, wino wa bluu ukinichuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mzee, nani ametia karatasi humu?"

Akaangalia ule uji. "Ni mimi?"

"Tuko wawili tu, na mimi sina mke wa kuandika habari zake."

Hakucheka. Alivuta kiti akanieleza. Miaka yote ya kazi ya siri, barua ilisomwa, ikachanwa, ikalowekwa majini. Jina likibaki kwenye karatasi, mwenye jina anaweza kufa. Sasa kila akiandika jina la mkewe, akimaliza ukurasa, mkono unafanya uliyofundishwa.

"Nilikuwa na hakika nimeziweka kwenye folda," akasema. Hapo ndipo nilipoona ameogopa.

"Lakini makaburu walishindwa, Mzee. Nchi mliichukua."

"Mwambie huyu." Akainua mkono wa kulia.

Nilimnunulia daftari lenye jalada gumu. Alilichana. Dawa aliipata mwenyewe, kwenye kazi ileile ya zamani.

"Karatasi ya hatari haikai na mwenye habari," alisema. "Anapewa mjumbe. Na mjumbe hasemi anaiweka wapi."

Basi akawa anasema, mimi naandika, na jioni napanda basi na daftari jipya kwapani. Mimi wa kidato cha pili, mjumbe wa profesa! Nikitaka kumwambia liko salama chini ya godoro langu, alikuwa anaziba masikio.

Alinisimulia jinsi muuguzi alivyomchoma sindano ya malaria na kuandika kwenye kadi jina la uongo ambalo mzee alimpa. Walioana akimwita jina hilohilo. Alipomwambia lile la kweli, mke alifikiri kidogo, akasema, "Hapana. Huyo simjui," akaendelea na la zamani.

"Hapo weka koma," mzee aliniambia. "La, nukta. Alikuwa amekwisha kunigeuzia mgongo."

Daftari lilipojaa nusu, binti alikuja Jumamosi moja. Siku zote baba alimsemesha Kiswahili, naye akajibu Kiingereza. Nilimpa daftari mkononi. Alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole. Mzee aliketi mbele yake, mkono wa kulia ameukalia.

Binti alifika kwenye "huyo simjui" akacheka kwa sauti, kisha akafuta macho.

"Baba," akasema, kwa Kiswahili cha kutafuta, "mkigombana, alikuita nani?"

Mzee alifumba macho, nikaogopa jibu limekwisha kupotea.

"Ndugu," akasema. "Aliniita ndugu, kama tuko mkutanoni. 'Ndugu, ulikuwa wapi?'"

Nilinyoosha mkono kuchukua kalamu. Binti alikuwa ameshaichukua, anaandika.

"Ongeza na sufuria," mzee akamwambia. "Alikuwa ameshika sufuria."