Krismasi ya Roki Mbele ya Boko

Kilichonitoa nyumbani Keko siku ya Krismasi ni sauti ya mdogo wangu Skola. Walio karibu nasi wanajua kwamba mwezi wa sita alifanyiwa upasuaji wa goita. Uvimbe wa shingoni ulikuwa umefika mahali pa kumbana hata maji yakawa yanapita kwa shida, lakini hospitali alikuwa haitaki, kwa sababu daktari alimweleza wazi kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita palepale penye kisu. Na Skola ni mwimbaji. Jumapili aliimba kwaya, Jumamosi aliimba roki na bendi ndogo ya rafiki zake, muziki ambao mtaani kwetu wengi wanauita makelele. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia heri nimkose mwimbaji kuliko kumkosa mdogo wangu, naye akaweka saini.

Alipona vizuri. Sauti ilirudi, ila ilirudi nyingine: nzito, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Akaacha kwaya, akaacha bendi. Mimi nikabaki na jambo moyoni ambalo sikumwambia mtu.

Mapema Desemba alipigiwa simu na Hamisi, mpiga gitaa wa ile bendi. Alisema kuna mama mmoja ana baa huko mashambani, mbele ya Boko, ameomba wampigie muziki mchana wa Krismasi. Watu hawatazidi arobaini na hakuna hata mmoja anayetoka kwetu Temeke. Skola akakubali kwenda, lakini akasema wazi kwamba anakwenda kusikiliza tu. Kwa kuwa mimi ni seremala na nina kirikuu, kigari cha kupelekea makochi kwa wateja, kazi ya kubeba vyombo ikaniangukia.

Saa mbili asubuhi, tukiwa tumeshatoka misa ya alfajiri, tulifunga kamba mzigo wetu: dramu, spika mbili na mabenchi sita niliyoyatengeneza kwa ajili ya baa hiyo. Mwenyewe alikuwa ametuma neno kwamba kwa siku za kawaida hapati wateja zaidi ya kumi, na viti alivyo navyo ni kumi na viwili.

Kimara tulifika kabla ya saa tatu. Barabara ya Morogoro ilikuwa nyeupe, wengi wamekwenda mikoani kwao. Hamisi alikuwa anatusubiri kando ya barabara na gitaa lake mgongoni; mpiga dramu na mpiga besi walikuwa wametangulia kwa pikipiki. Hamisi ni mtu wa pwani hasa, Mwislamu, babu zake wote wamezikwa humuhumu Dar. Nilimuuliza kwa utani imekuwaje yeye ndiye anatupigia Krismasi. Akasema tangu utoto wake kila Krismasi alikula pilau ya jirani, sasa ni zamu yake kuwapakulia, na gitaa ndiyo sufuria pekee anayoijua. Akapanda nyuma, akakaa kwenye benchi katikati ya dramu.

Tulikata kupitia Goba na Madale, tukatokea Tegeta. Skola alikaa dirishani na kitambaa chake shingoni, akijibu kwa kutikisa kichwa.

Boko tulisimama kununua mananasi. Muuzaji, mama wa makamo, alikuwa ameinama anapanga mafungu yake, ametupa mgongo. Skola akauliza lipi limeiva. Yule mama, bila kugeuka, akamjibu, "Chukua hilo la juu, kaka." Alipoinuka na kuona ni mwanamke alitahayari, akaomba radhi, akamwongeza nanasi la pili bure. Skola akalipokea kwa tabasamu, akarudi garini, akakaza kitambaa chake shingoni. Mimi nilikamata usukani nikitamani nigeuze gari.

Baada ya Bunju tuliiacha lami tukashika njia ya kushoto. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha siku tatu mfululizo, na kwenye korongo la pili kirikuu kikazama mpaka kwenye ekseli. Tulishusha mabenchi, tukashusha spika, tukasukuma, wapi. Ndipo wakapita watu waliokuwa wanatoka kanisani, wanaume kwa wanawake, na nguo zao mpya. Wala hatukuwaomba. Walivua viatu, wakavipanga juu ya mabenchi yangu kama dukani, wakaingia matopeni. Tuliponasuka tulifanana wote. Walipojua tunakokwenda, wengine wakasema na wao ndiko wanakoelekea, wakabeba mabenchi vichwani wakatutangulia.

Saa saba tulikuwa kwa Mama Komba. Baa yake ni chumba cha matofali na banda la bati lililo wazi pande tatu, na kuzunguka pande zote ni mikorosho. Mama mwenyewe ni Mngoni wa Songea, mrefu, wa miaka kama sitini. Tulimwamkia, akaitikia, akatuletea maji ya kunawia miguu kabla ya kutuuliza majina. Tukiwa tunafunga spika nilimuuliza kwa nini roki, wakati angeweza kupata bendi ya dansi kirahisi. Akasema marehemu mumewe alifanya kazi migodini, akarudi na sanduku la kaseti za roki, na kila Krismasi alizipiga hapo banda zima likitetemeka. Hii ilikuwa Krismasi ya kwanza bila yeye.

"Nimeogopa ukimya wa leo tangu tulipomzika mwezi wa tisa," akasema, akaenda kugeuza nyama yake jikoni.

Saa tisa muziki ukaanza. Hapakuwa na jukwaa. Bendi ilisimama chini, hatua tatu kutoka benchi la mbele. Walipiga vizuri, lakini Hamisi ndiye aliyeimba, na Hamisi si mwimbaji. Watu walipiga makofi ya adabu. Baada ya wimbo wa tatu akaweka maiki chini, akaja tulipokaa, akachuchumaa mbele ya Skola.

"Nyimbo zote nimezishusha ziwe nzito kama sauti yako," alimwambia kwa sauti ya chini. "Siku ile nilipokupigia simu, nilikuwa na gitaa mkononi. Nikatafuta sauti yako ilipo. Tumefanya mazoezi hapo hapo wiki tatu."

Skola akashika kitambaa chake. "Na ikikatika?"

"Ikikatika mie nitapiga gitaa mpaka uirudie. Sie hatuna haraka."

Skola akanigeukia mimi. Nilimwambia kwamba gari lipo, akisema twende tunaenda. Alifungua kitambaa shingoni, akanipa nishike, akaenda.

Aliimba wimbo wa Noeli tuliofundishwa na marehemu mama yetu kule Masasi, ambao bendi walikuwa wameuvisha dramu na gitaa zito. Mwanzo aliimba macho ameyafumba. Ubeti wa pili sauti ikakatika kweli, katikati ya neno. Hamisi akaingia na gitaa lake bila wasiwasi, akazunguka mara moja, mara mbili, na Skola akarudi pale pale alipoangukia, safari hii kwa nguvu. Ile mikwaruzo niliyoichukia miezi sita, kwenye roki ilikuwa mahali pake. Wale waliotusukuma matopeni wakasimama. Mama Komba alitoka jikoni na sinia mkononi, akasahau kuliweka.

Mimi nilitoka nje, nikaegemea mkorosho, nikapumua. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nilikuwa nimebana pumzi tangu mwezi wa sita.

Aliimba nyimbo saba. Saa kumi na moja Mama Komba akatufungia chakula, nguruwe wa kwetu na kuku wa Hamisi, vyungu tofauti na vijiko tofauti. Akamshika Skola mikono yote miwili.

"Mwanangu," akamwambia, "sauti hiyo usije ukaenda kuitibu."

Njia ya kurudi ilikuwa imekauka kidogo, na jua lilikuwa bado lipo. Tulimshusha Hamisi Kimara na vyombo vyake, tukabaki wawili. Hapo nikapata ujasiri. Nilimwambia Skola lile jambo langu, kwamba kwa miezi yote hii nilijua ananilaumu kwa kumpeleka hospitali, na nilistahili.

Alinitazama kwa mshangao. Akasema hajawahi kunilaumu hata siku moja. Daktari alimwambia angechelewa mwezi mmoja tu asingekuwapo.

"Basi kwa nini uliacha kuimba hata nyumbani?" nikamuuliza.

"Kwa sababu yako, kaka. Kila nikifungua mdomo unaacha kazi, unasimama, unanisikiliza kama nesi. Nikaona bora ninyamaze upumzike."

Nimeandika haya ili nanyi mliobaki nyumbani siku ile mjue, maana najua si mimi peke yangu niliyekuwa namsikiliza hivyo. Mtu aliyepona mwacheni apone. Siku hizi Skola akianza kuimba uani, mimi naendelea kupiga randa.