Oishii na Sahani ya Mwalimu Haruko

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na hasira yake sijaimaliza. Jana nilipokusikia hapa Maili Moja ukijigamba kuwa unajua Kijapani, kwa vineno viwili vya kwenye simu, ikanirudia upya.

Nilikuwa binti wa sekondari, naishi kwa bibi yangu kule Mzenga. Mwalimu wetu wa hesabu, Haruko, alikuwa ametoka Japani na kupanga chumba kwetu. Kiswahili chake kilikuwa salamu tu, hivyo tulizungumza Kiingereza cha darasani. Alinifundisha neno moja la kwao: oishii, yaani kitamu. "Ukionja ukapenda, unalisema, mpishi anafurahi. Basi." Nikajiona mkalimani.

Jioni hiyo bibi alipika ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Haruko akaonja, akasema oishii.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

"Kitamu, aongezwe."

Hilo la kuongezwa nililitia mimi, maana kwetu mgeni akisifu chakula huongezwa. Haruko akala yote, kwani kwao kubakiza ni kumdharau mpishi. Kwetu nako sahani tupu ni mgeni hajashiba, kwa hiyo bibi akapakua tena. Haruko akanigeukia, akanong'ona nimwambie bibi ameshiba. Nilimwona bibi anavyotabasamu, nami sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Nikasema, "Anasema oishii." Bibi akaongeza tena, naye Haruko akajilazimisha kumaliza.

Asubuhi tulimkuta Haruko amejikunja sakafuni, anatapika. Akalazwa zahanati siku mbili.

Bibi aliponibana nikakiri. Hakunipiga, na laiti angenipiga. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Wewe umenifanya nimuumize mgeni kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu kakukabidhi neno lake, ukalila."

Haruko aliporudi hakuniomba tena nimsemee. Kila jioni alikaa jikoni na bibi, wakifundishana kwa vidole na vicheko, nami natumwa maji. Neno la kwanza aliloomba kufundishwa lilikuwa "nimeshiba". Aibu ile naionja hadi leo.

Basi nisikilize, na usininunie. Oishii iseme ukishaonja, ukiwa umependa kweli, na uishie hapo. Ukimsemea mtu, fikisha alichosema, hata kama kinakunyima sifa. Usilolijua, uliza. Mola akupe ulimi mwaminifu, mwanangu, na asiwepo mgeni atakayeumwa kwa ajili yako.