Hema Uani kwa Shangazi

Hema lile bado liko stoo, na siku nikibaki peke yangu nyumbani nitalichoma moto. Mume wangu anajua. Ndiyo maana ufunguo wa stoo anauweka anakojua mwenyewe.

Alilinunua yeye, rangi ya chungwa, baada ya kuangalia kwenye simu video za watu wanaozunguka milimani na magari yao, wakilala porini na kuchemsha kahawa. Yeye ni mtu wa kuja. Serikali ilimleta Kibondo kama ofisa mifugo. Mimi ni muuguzi, mwenyeji wa Kasulu. Likizo ya Juni ilipokaribia akatangaza mezani kwamba mwaka huu hatuendi kwao. Tunapakia watoto wetu wawili, sufuria na hema, tunateremka hadi ziwani, tunalala Gombe siku mbili tuone sokwe, halafu tunashika njia ya milima ya Mahale. Watoto wakapiga kelele za furaha. Mimi nikakubali kwa sharti moja: usiku wa kwanza tunalala Titye, kijijini kwetu, kwa shangazi yangu.

Shangazi huyo, dada wa baba, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Tangu niolewe nilikuwa nampitia tu: nusu saa, chai, mkungu wa ndizi kwenye buti, kwaheri. Kila mara alikuwa na swali moja, "Utalala lini?" Nilipompigia simu kumwambia safari hii tunalala, aliniuliza kama nina hakika. Akaniuliza tena.

Tulifika alasiri, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Shangazi akatupokea kwa salamu zetu za Kiha, zile ndefu za kupiga makofi taratibu na kuulizia kila mtu mpaka ng'ombe. Mume wangu, ambaye baada ya miaka yote hii bado anaona salamu ni kupoteza muda, akachomoka katikati. Nilipogeuka alikuwa uani na watoto, anapigilia vigingi. Eti wanalijaribu hema kabla ya milima.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mimi ndiye niliyekulia pale. Kwa mtu wa Kasulu hema si likizo. Utoto wangu wote niliona mahema na maturubai, na ndani yake wakimbizi waliovuka mpaka na sufuria kichwani, na tuliwapelekea unga na maharage kwa sababu ndivyo anavyofanyiwa mtu aliyekosa nyumba. Nilijua kabisa. Nikanyamaza, kwa sababu watoto walikuwa wanarukaruka, na kwa sababu, niseme ukweli, nilitaka nionekane mwanamke wa kisasa.

Haikupita hata saa moja. Akaja mama wa nyumba ya pili na beseni la unga wa muhogo, akaliweka mbele ya hema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu. Nani kawafukuza?"

Akaja mwingine na blanketi kuukuu lililofuliwa vizuri. Akaja mzee mmoja, akamvuta mume wangu pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini kama ni kazi imeisha au ni ugomvi wa shamba. Mume wangu akacheka! Akatoa simu, akalipiga picha beseni, akalipiga picha blanketi. Yule mama wa unga hakucheka. Alimgeukia shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia mbele yetu sote:

"Weye, mtoto wa kaka yako unamlaza nje, na nyumba unayo?"

Nilimwona shangazi akishika pindo la kanga yake na kulikunja, kulikunja. Nilimfuata mume wangu nyuma ya gari, nikamwambia alishushe lile dude sasa hivi.

"Usiku mmoja tu," akasema. "Nimewaahidi watoto. Na wewe unawaogopa majirani wa nini?"

"Siwaogopi majirani. Huyu mama unamwaibisha kwake."

Shangazi akatusikia. Yeye kumkatalia mkwe jambo kusingewezekana, bora ameze kaa la moto. Akasema tu, "Mwache mkwe wangu alale anapopenda." Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikalichukua neno lile kama ruhusa. Nikalala hemani. Asubuhi shangazi alituaga akiwa mlangoni mwa jiko la uani. Hakutusindikiza hata hatua moja, yeye ambaye hata mgeni wa jirani humfikisha barabarani.

Milima niliiona. Sokwe niliwaona, mama na mwanawe, wametulia kana kwamba sisi ndio tumeletwa watutazame. Kila jioni mume wangu alisimamisha hema lake huku akipiga mluzi, nami nikasonga ugali wa unga ule wa msaada, maana tulikuwa tumeupakia. Kila tonge nililitafuna kwa hasira. Mahale, mtoto mkubwa alinivuta nikaone ukungu unavyopanda mlimani, nikamjibu vibaya hadi akalia. Hilo sijajisamehe.

Wakati wa kurudi nililazimisha tusimame Titye. Mume wangu hakuzima hata injini. Kesho yake alitakiwa ofisini. Nikaingia jikoni kumtafuta shangazi. Chini, kando ya mafiga, palikuwa na mkeka, mto, na kitambaa chake cha kichwa. Nikakimbilia ndani ya nyumba. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka mpya, bado zina mikunjo ya dukani, chandarua kimechomekwa pande zote. Chumba cha pili hivyo hivyo, kitanda cha watoto.

Alikuwa amehamia jikoni siku ile tuliyofika, maana kwa mila yetu hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe. Usiku ule sisi tulikuwa hemani, yeye yuko chini karibu na majivu, na nyumba nzima haina mtu.

Akaingia nyuma yangu. "Shangazi, mbona hujarudi kitandani kwako?"

"Ulisema utalala," akajibu. "Nikasema labda wakirudi."

Nilitoka nikamwambia mume wangu aondoke na watoto, mimi nitakuja na basi. Akaanza habari za zamu yangu ya kazi. Sijui aliona nini usoni mwangu, akatia gia, akaondoka.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na sikuwa na usingizi hata chembe. Nilivua viatu, nikapanda kitandani, nikajifunika shuka hadi shingoni. Nje nikamsikia yule mama wa unga akisalimia kutoka njiani. Shangazi akamjibu kwa sauti ya kufika nyumba tatu:

"Punguza kelele! Mwanangu kalala ndani."