Wasiwasi wa Mama Job Una Saa Zake

Kama umewahi kupita vile vijiji vya mtoni nje ya Garsen, jua linawaka, hakuna hata kawingu, na ukakutana na mama amebeba godoro kichwani anakimbia, basi huyo alikuwa Everline, mama yake Job. Watoto wa njia ile walimpa jina la Mama Godoro, ila walilitaja akiwa mbali, maana mkono wake si mwepesi.

Usimcheke haraka lakini. Yale mafuriko makubwa yalimkuta amelala. Aliamka alfajiri, miguu iko ndani ya maji, na kuku wamepanda juu ya kabati wanamwangalia kama yeye ndiye aliyefungulia mto. Wakakaa chini ya turubai miezi mitatu. Maji yakarudi mtoni, watu wakarudi makwao, lakini kichwani mwa Everline hayakukauka.

Tatizo kubwa likawa simu. Kwenye kundi la kijiji haipiti siku bila mtu kutuma voisi: jamani mabwawa ya juu yamefunguliwa, hameni. Voisi nyingine ni za mwaka juzi, hata aliyezituma hajui zilitoka wapi. Everline akisikia tu, moyo unatwanga kama mchi kwenye kinu. Hapo hapo godoro kichwani, gunia la vyombo mgongoni, mbio mpaka kwenye mwinuko wa barabarani. Jioni anarudi nalo. Siku ya tano mfululizo mumewe Silas, ambaye ni fundi wa pikipiki pale Garsen, alimuuliza kama hilo godoro lina ndugu huko juu, maana linatembea kuliko yeye.

Sasa utani ni utani, lakini mvua zilikuwa zimeanza, na mpunga wa kule hauna subira. Unaupanda mvua za kwanza, uote, usimame, ndipo maji ya mto yaingie shambani yaukute na nguvu. Ukichelewa, mto unakutana na udongo mtupu, na wewe unakutana na njaa. Majirani wote walishapanda. Mbegu ya Everline, debe zima alilochagua mwenyewe punje kwa punje, ilikuwa bado ndani ya lile gunia la kukimbia nalo. Kila asubuhi alikwenda shambani, akalima mstari mmoja, simu ikalia, akatoka mbio. Ilibaki wiki moja hivi wakati wa kupanda upite.

Anayemletea maziwa ni Asmaa, mama mfugaji wa Kiorma mwenye maneno machache na macho ya kucheka. Asubuhi hiyo alimkuta Everline ameketi juu ya godoro uani, ameshika simu kwa mikono miwili. Akammiminia maziwa yake, kisha akaketi pembeni ya godoro bila kualikwa.

"Mama Job, mimi fisi namwogopa tangu nizaliwe," akasema. "Lakini namwogopa jioni, nikifunga boma. Naangalia miiba yote, naziba. Mchana nauza maziwa. Nikimwogopa mchana pia, wewe ungekunywa chai ya rangi."

"Na akija mchana?"

"Ng'ombe wataniambia. Si simu."

Akachukua kibuyu chake akaenda zake.

Everline alikaa na hilo neno mpaka chai ikapoa. Kisha akakata mti mnyoofu, akautia alama za kupimia maji kwa kisu kama alivyokuwa akifanya nyanya yake, akauchomeka ukingoni mwa mto. Atauangalia mara mbili, asubuhi na jioni, basi. Simu akamwachia Silas.

Usidhani wasiwasi ulikimbia. Saa sita ukaja shambani kama kawaida, moyo ukaanza kutwanga. Everline akauambia kwa sauti, "Nimekusikia. Njoo saa kumi na mbili tukaangalie pamoja." Mwenye shamba la pili akageuka kuona anaongea na nani. Moyo ukaendelea kupiga, jembe nalo likaendelea kupiga, na baadaye kidogo moyo ndio ukachoka kwanza. Siku tatu zikaenda hivyo, shamba likawa tayari.

Siku ya nne alfajiri, mbegu iko mkononi, akapita mtoni kuangalia. Alama zote zimezama! Imebaki ncha tu.

Miguu haikungoja ruhusa. Alifika nyumbani, godoro likapanda kichwani, Silas akajua leo tena. Lakini mlangoni Everline akasimama, akavuta pumzi ndefu, akajiuliza ameona nini hasa. Ameona mti. Maji hakuyaangalia.

Akarudi mtoni, godoro bado liko kichwani. Jiwe lake la kufulia, pale ukingoni, lilikuwa kavu, na maji yalikuwa pale pale yalipokuwa jana. Na kando ya ule mti kulikuwa na nyayo, kila unyayo mpana kama sufuria ya ugali, zimetoka majini zikapanda ukingoni. Kiboko alipita usiku, akaukanyaga mti wa watu, akauzamisha kwenye tope akaenda zake kula.

Everline alicheka mpaka godoro likaanguka. Akaliacha hapo hapo kwenye nyasi, akaenda kupanda, na jua lilipozama debe lilikuwa tupu.

Mto ulikuja baadaye, mpunga ukiwa umefika magotini, na ulikuja polepole, alama moja leo, moja kesho. Godoro lilihama mara moja tu, tena kwa mwendo wa kawaida. Siku hizi voisi zikianza kuzunguka, majirani hukimbilia kwake kuuliza kijiti kinasemaje, naye haachi hata palizi.

"Saa hizi ni saa nane," huwaambia. "Mje jioni tuogope wote."